Ustawi wa Jamii (Tanzania)

Ustawi wa jamii ni huduma ya umma kwa mtu au familia iliyoelemewa: mtoto aliyetelekezwa, mzee asiye na wa kumtazama, mama anayedai matunzo, mgonjwa asiyeweza kulipia matibabu, kijana aliyekamatwa na polisi. Tanzania Bara huduma hii hutolewa na maafisa ustawi wa jamii walioajiriwa katika halmashauri chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Sera husimamiwa na Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, iliyoundwa Januari 2022 baada ya shughuli hizo kukaa kwa miaka ndani ya wizara ya afya. Zanzibar ina sheria na taasisi zake. Kwa sheria, mlango wa ofisi uko wazi kwa kila mwananchi. Kwa hali halisi, wenye shida kubwa zaidi ndio walio mbali nao zaidi, na haki ya huduma hii hupimwa kwao.

Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianzisha kazi hii baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa ajili ya askari waliokuwa wakirejea makwao. Mwaka 1973 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha chuo ambacho leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, Dar es Salaam. Hata hivyo mzigo mkubwa umebebwa na ukoo siku zote: shangazi anayelea watoto wa nduguye, jirani anayempelekea mgonjwa uji. Afisa huingia pale ukoo unaposhindwa, au pale ukoo wenyewe unapokuwa chanzo cha madhara, kama mjane anapofukuzwa nyumbani na shemeji zake.

Mashauri ya matunzo ya mtoto ndiyo hujaza mabenchi ya ofisi hizi. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inawapa wazazi jukumu la chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu ya mtoto aliye chini ya miaka 18. Mama hufika na kadi ya kliniki ya mtoto na barua ya serikali ya mtaa. Afisa humwandikia baba wito, na wakikutana huandikishana kiasi cha fedha na siku ya kulipa. Baba akikaidi makubaliano hayo, shauri hupelekwa mahakama ya watoto, ambayo huangalia kipato na mali za wazazi kabla ya kutoa amri, na inaweza kuagiza kipimo cha DNA baba akimkana mtoto.

Katika hatua hizo ndipo tofauti za uwezo hujitokeza. Mwajiriwa ana hati ya mshahara inayosomeka. Dereva wa bodaboda au mchimbaji mdogo hana karatasi yoyote, naye anaweza kutaja kipato anachotaka. Mama wa kata ya mbali hupoteza nauli na siku ya kibarua kila mara baba asipoitikia wito, wakati mama anayeishi jirani na ofisi hurudi nyumbani kwa miguu. Utaratibu ni mmoja kwa wote wawili, lakini wa mbali ndiye hukata tamaa mapema, na anayeumia ni mtoto wake. Afisa anayelijali hili huuliza kwanza mlalamikaji ametoka wapi, ndipo apange tarehe, na humtumia mtendaji wa kijiji kufikisha wito badala ya kumkabidhi mama karatasi ampelekee mwanamume anayemwogopa.

Msaada wa fedha hupitia zaidi Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulioanzishwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) mwaka 2012. Mkutano wa kijiji, mtaa au shehia hutaja kaya zilizo maskini sana; kaya hizo hujaziwa dodoso kuhusu nyumba, mali na wategemezi; majibu huchambuliwa kwa kompyuta, kisha majina hurudishwa mkutanoni yathibitishwe. Sehemu ya ruzuku hutegemea watoto kuhudhuria shule na kliniki. Wengi wanaopokea kwa niaba ya kaya ni wanawake.

Mkutano una nguvu kubwa, kwa kuwa majirani wanajua nani hulala njaa. Lakini mkutano huwasikia wanaosema. Familia iliyomficha ndani mtoto mwenye ulemavu, mhamiaji asiye na ndugu kijijini, bibi anayenong'onwa kuwa mchawi: hao mara nyingi hawana wa kuwataja, na afisa asipowafuata mwenyewe hawataonekana kwenye orodha. Masharti nayo yana uzito usiolingana. Kuhudhuria kliniki ni jambo jepesi kwa anayeishi karibu na zahanati. Kwa anayevuka mto wakati wa masika ni adhabu. Kasoro kubwa kuliko zote ilikuwa ya kijiografia: awamu ya kwanza ilifikia takriban asilimia 70 ya vijiji, mitaa na shehia, hivyo kaya maskini za maeneo yaliyobaki zilikosa kwa sababu tu ya mahali zilipo. Awamu ya pili, iliyozinduliwa Februari 2020, ilipangwa kufikia maeneo yote.

Zanzibar ilichagua njia nyingine kwa wazee. Tangu Aprili 2016 Pensheni Jamii humlipa kila mkaazi aliyefikisha miaka 70, bila kuuliza kama ni maskini. Kiasi cha kuanzia kilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa wazee wa umri huohuo, kupitia Inua Jamii, kwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Malipo ya aina hii hugharimu zaidi, lakini humwondolea mzee fedheha ya kuthibitisha ufukara wake mbele ya majirani. Kinachobaki kumkwaza ni kitambulisho: aliyezaliwa kijijini bila cheti huandikiwa umri wa kukisia, na miaka michache iliyopunguzwa humchelewesha miaka hiyohiyo.

Hospitalini, afisa ustawi ndiye humhoji mgonjwa anayeomba msamaha wa gharama. Mahakamani, huandaa ripoti ya uchunguzi wa kijamii kuhusu mtoto anayeshtakiwa: anaishi na nani, kwa nini aliacha shule, nani yuko tayari kumpokea. Mtoto ambaye wazazi wake wamefika mahakamani hudhaminiwa upesi. Yule aliyetoka mkoa mwingine kutafuta kazi humtegemea afisa awatafute ndugu zake, na pale ofisi inapokosa gari au mafuta ripoti huchelewa, shauri huahirishwa, na mtoto huendelea kukaa mahabusu kwa kosa ambalo mwenzake alishadhaminiwa na kurudi nyumbani.