Mwisho wa Huzuni si Mwisho Mtupu

Kijana amalizapo mchezo wa video ambamo wote hufa, husema: "Basi, maisha hayana maana." Usemi huo una historia, nayo imepita katika mto wetu.

Mwaka 1890 baharia Joseph Conrad alipanda mto Kongo kwa meli ya mvuke hadi karibu na Kisangani ya leo. Mwaka 1899 alitoa hadithi yake, Heart of Darkness. Alishutumu uroho wa wafanyabiashara wa pembe za ndovu. Lakini wenyeji wa mto, katika hadithi hiyo, hawana majina na karibu hawasemi. Mateso ni yao, hadithi ni ya mgeni.

Hadithi hiyo ilichangia kuzaa mchezo Far Cry 2, uliotolewa na kampuni ya Ubisoft mwaka 2008. Humo mna nchi ya Afrika isiyo na jina, vita, almasi na mamluki. Mwishoni, mchezaji achague lolote, mhusika wake hufa ili wakimbizi wavuke mpaka. Tendo ni jema. Lakini ni nani wakimbizi hao? Hatumjui hata mmoja.

Sasa tumtazame Mkongo wa nyakati zile zile. Isidori Bakanja, kibarua wa waashi, alibatizwa mwaka 1906. Baadaye, akiwa mtumishi kwenye shamba la Wazungu huko Ikili, alichapwa viboko vikali kwa kuwa alikataa kuacha kuvaa skapulari. Vidonda vikaoza, akafa tarehe 15 Agosti 1909. Mwisho wa huzuni kweli! Lakini alimsamehe aliyemtesa, akaahidi kumwombea mbinguni. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri.

Kwa hiyo, kifo hakiifanyi hadithi kuwa tupu. Hata Injili haikuruka Ijumaa Kuu. Hadithi huwa tupu pale anayeteseka anaponyimwa jina, sauti na uhuru wa kuchagua.

Nasi wa Kampene tumeona vita, na twawajua wanaoshuka mashimoni kutafuta dhahabu. Wakisimuliwa na wengine, huitwa "wachimbaji" tu, au "wakimbizi" tu. Sisi twajua majina yao. Kabla ya kucheza tena, tuulizane kikundini: katika hadithi hii, nani amenyimwa jina? Kisha tumtafute jirani mmoja, tumsikilize mpaka mwisho.