Mfugaji Tajiri katika Vita vya Zaka: Ireland, 1830–1838

Vita vya Zaka vya Ireland kwa kawaida husimuliwa kama ugomvi wa Wakatoliki na Waprotestanti. Simulizi hiyo ina msingi wake. Katika kila watu 10 kisiwani, takriban 8 walikuwa Wakatoliki, nao walilazimishwa kutoa zaka, yaani fungu la kumi, kwa Kanisa la Ireland, kanisa la Kianglikana lililolindwa na dola. Hata Wapresbiteri wa kaskazini hawakusamehewa. Lakini dhuluma hiyo ilikuwa ya siku nyingi. Kwa nini basi ilitikisika miaka ya 1830, na si kabla ya hapo? Makala hii inadai kwamba jibu limo zaidi katika sheria ya mwaka 1823 kuliko katika chuki ya kidini.

Mwaka 1735 Bunge la Ireland, lililojaa wenye ardhi, lilipitisha azimio la kupinga zaka ya malisho. Tangu hapo mwenye mbuga na makundi ya ng'ombe aliponyoka, huku mwenye kishamba cha viazi, hasa jimboni Munster, akihesabiwa hadi matuta. Wakulima hao waliunda vikundi vya siri, Whiteboys miaka ya 1760 na Rightboys miaka ya 1780, wakawavamia mawakala wa zaka usiku. Walizimwa kwa sheria kali na vitanzi. Wenye mali wangewaungaje mkono, ilhali mzigo haukuwagusa?

Sheria ya 1823 ilikusudiwa kutuliza mambo: zaka ilipwe kwa fedha taslimu, na malisho nayo yaingizwe kwenye hesabu. Kwa haki ya kihesabu ilikuwa bora kuliko ile ya zamani. Kisiasa, iliwaweka mfugaji na mkulima wa viazi upande mmoja.

Matokeo yalionekana Graiguenamanagh, Kilkenny, ambako padri Martin Doyle aliwaongoza waumini kugoma kulipa zaka. Machi 1831 polisi walifika kukamata mifugo. Sheria haikuruhusu kuvunja mlango uliofungwa, wala kukamata mali baada ya jua kuzama. Basi watu wakawafungia ng'ombe zizini mchana na kuwatoa malishoni usiku. Walinzi wakapiga pembe kila polisi walipoonekana. Na ng'ombe waliokamatwa walipopelekwa mnadani, hawakupata mnunuzi. Hapo ndipo uzito wa hoja ulipo: maskini hawezi kususia mnada ambao hana fedha ya kununua chochote humo. Mgomo huo uliwahitaji wafanyabiashara wa mifugo na wafugaji wenye uwezo.

Damu nayo ilimwagika. Desemba 1831, huko Carrickshock, umati uliwaua polisi zaidi ya kumi pamoja na mpeleka hati waliyekuwa wakimlinda. Daniel O'Connell, wakili na kiongozi wa kisiasa wa Wakatoliki, aliwatetea washtakiwa, na hakuna aliyetiwa hatiani. Desemba 1834, karibu na Rathcormac, Cork, askari waliwaua watu zaidi ya kumi katika kudai shilingi 40 za mjane Johanna Ryan. Hata hivyo, kilichoichosha serikali kuliko mapambano hayo ni hesabu. Ilipojitwika kukusanya malimbikizo ya zaka mwaka 1832, ilitumia zaidi ya ilichopata. Mwaka uliofuata ikalazimika kutenga pauni milioni moja kuwanusuru makasisi.

Suluhu ya 1838 iliwafaa wenye nacho. Zaka ilipunguzwa kwa robo, ikageuzwa kuwa tozo ya mwenye ardhi, ambaye aliweza kuirudisha kwa mpangaji ndani ya kodi ya shamba. Wakala aliyechukiwa alitoweka, lakini malipo yenyewe hayakwisha. Ni ushindi, ila ni nusu ya ushindi, na wakulima wadogo ndio waliopata kidogo zaidi. Hata Kanisa la Ireland lilipovuliwa hadhi ya kanisa la dola mwaka 1871, tozo hiyo haikufutwa: ilikabidhiwa makamishna walioteuliwa na serikali, nao wakaendelea kuidai.