Ufalme wa Maji Usio na Barafu

Kijana mwenzangu, wewe unayeandika usiku kwa kalamu ya kuazima, hebu tuzungumze kidogo. Hadithi nyingi tunazopeana kusoma huku kwetu Kigoma zina ufalme mmoja unaojirudia. Nchi yake imeganda barafu, watu wake ni majabali wa bahari waliovaa ngozi za dubu, na mfalme wao ana jina lisilotamkika. Mimi pia nimeanza riwaya ya namna hiyo, na wala sijaitupa. Ila barafu ninayoijua ni ile inayofunika migebuka kwenye mabeseni pale mwaloni Kibirizi. Basi nikajiuliza: kwani ziwa letu halijawahi kuwa na mashujaa wa maji?

Tuanze na hao wa barafu, maana walikuwepo kweli. Waviking wa Ulaya ya Kaskazini walivamia nyumba ya watawa ya Lindisfarne, Uingereza, mwaka 793. Kuanzia miaka ya 870 walihamia Iceland, na karibu mwaka 1000 walifika Amerika ya Kaskazini, ambako mabaki ya nyumba zao yamechimbuliwa Newfoundland. Kilichowabeba ni chombo: jahazi refu, jepesi, linaloweza kuingia mtoni na kuvutwa hadi nchi kavu.

Sasa geuka utazame kwetu. Tanganyika ina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470. Duniani kote ziwa linaloipita kwa kina ni moja tu, Baikal la Siberia, ambalo huganda kila majira ya baridi. Kwa hiyo kwenye orodha hiyo sisi na nchi ya barafu ni majirani wa mlango kwa mlango! Maji yetu hayagandi, lakini upepo wa kusini wa kiangazi ukichachamaa si mchezo. Muulize mvuvi yeyote wa dagaa.

Nao watu wa hapa walikuwa na vyombo vyao. Burton na Speke walipoingia Ujiji Februari 1858, walikuta mitumbwi mirefu iliyochongwa kwa gogo moja, ikitoka Ugoma, ile milima ya ng'ambo tunayoiona siku hewa ikiwa safi. Miti ilikatwa kule, ikachongwa kule, kisha vyombo vikaletwa kuuzwa huku. Baadaye wafanyabiashara wa kutoka pwani wakaongeza mbao ubavuni na tanga juu. Vikapakiwa chumvi ya Uvinza, mawese, samaki wakavu na pembe za ndovu. Sokoni Ujiji fedha ilikuwa ushanga ulioitwa sofi.

Na mfalme? Hapo ndipo utakaposhangaa. Mwami wa Wajiji aliishi milimani, mbali na maji, na imeandikwa kwamba mila ilimkataza hata kulitazama ziwa. Fikiria, mwandishi mwenzangu! Ufalme unaokula kutoka majini, na mfalme wake haruhusiwi kuyaona maji. Ungeibuni hiyo wewe? Pwani mambo yaliendeshwa na wakuu wa vijiji, na ukitaka kusafiri ni wao uliopatana nao.

Mmoja wao alikuwa Kannena, mkuu wa Kawele. Ndiye aliyewapeleka Burton na Speke kaskazini mwaka huo wa 1858. Wageni walitaka kuuona mto Rusizi, wajue kama unatoka ziwani kwenda Nile. Walipofika Uvira, wenyeji waliwaambia kuwa mto unaingia ziwani. Kwenda kuuona kwa macho, Kannena akagoma: mbele kule kulikuwa na maadui. Safari ikaishia hapo. Ulaya ilibishana miaka kumi na zaidi, hadi Livingstone na Stanley walipofika mtoni mwishoni mwa 1871 na kukuta wenyeji walisema kweli. Hebu pima nguvu ya nahodha huyo: neno lake moja lilisimamisha ramani ya wazungu.

Kisha wakaja watu wa bunduki. Miaka ya 1870 Mwinyi Kheri, mtu wa pwani, alikuwa mkubwa wa waungwana wa Ujiji. Miaka ya 1880 akavuma Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mshirika wa Tippu Tip. Vyombo vyake viliteka vijiji vingi vya kaskazini mwa ziwa. Lakini Burundi ya Mwami Mwezi Gisabo ilimshinda, na ng'ambo alipambana na Joubert, askari Mfaransa aliyelinda misheni. Mwaka 1894 majeshi ya Kongo ya Leopold yakamvunja nguvu.

Hapa, ndugu msomaji, ndipo kalamu yangu inapopata kigugumizi. Vyombo vile havikubeba chumvi na pembe tu. Vilibeba watu. Walitekwa Manyema na kwingineko, wakavushwa, wakauzwa Ujiji, na wengi wakatembezwa hadi Tabora na Bagamoyo. Mimi kwa upande wa mama ni Mmanyema. Bibi yangu anajua hadithi za kila aina, lakini ukimwuliza, "Bibi, babu yako alivukaje?" anakuambia, "Alivuka kama walivyovuka wenziwe, mjukuu wangu," kisha anakutuma dukani. Alishika kasia, au alikaa chini miguu imefungwa? Au vyote viwili? Maana walikuwepo watumwa waliopiga makasia na kubeba bunduki za mabwana zao, nao wakajiita waungwana.

Usidhani Waviking walikuwa wasafi. Dublin yao ilikuwa soko kubwa la watumwa. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa sehemu kubwa ya akina mama waanzilishi wa Iceland walikuwa na asili ya Ireland na Uskoti, na inaaminika kwamba wengi walipelekwa kwa nguvu. Filamu zinatuonyesha shoka na ndevu. Yule mama aliyekaa katikati ya jahazi akitazama kwao kunapotea, haonyeshwi.

Hata vita vya baadaye vinasimuliwa hivyohivyo. Kila mtu anajua boti za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizoikamata Kingani ya Wajerumani Desemba 1915, kabla Hedwig von Wissmann haijazamishwa Februari 1916. Boti hizo zilivushwa nchi kavu, porini na milimani, kwa jasho la mamia ya vibarua Waafrika. Taja jina la mmoja wao. Huwezi, hata mimi siwezi.

Sasa basi, ushauri wangu kwako ni huu. Andika ufalme wako, uwe wa barafu ukipenda. Mpe mfalme asiyeruhusiwa kuona maji, mpe nahodha anayesema hapana, mpe upepo unaoua. Lakini kabla hujaufunga ukurasa, ingia ndani ya chombo uhesabu watu wote, hadi wale wa chini kabisa. Halafu uwape majina. Mabaharia wao tayari wana vitabu. Babu wa bibi yangu hana hata mstari mmoja, na kama si sisi tulioachiwa ukimya huu nyumbani, ni nani atakayemwandikia?