Ukinara wa Miji Mitatu: Louisville, Columbus na Buffalo

Wanajiografia hupima ukinara wa mji kwa kuhesabu watu. Mwaka 1939 Mark Jefferson, mwalimu wa jiografia huko Ypsilanti, Michigan, alichapisha makala akidai kwamba katika nchi nyingi mji wa kwanza hauupiti wa pili kwa kidogo, bali huuzidi mara mbili au zaidi. Mji ukishatangulia huvuta biashara, wasomi na vijana watafuta kazi, na kila anayehamia humpa mwingine sababu ya kumfuata. Kenya ni mfano wa karibu. Mombasa ni bandari ya karne nyingi na Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, lakini sensa ya 2019 iliikuta Nairobi na watu 4,397,073 na Mombasa 1,208,333. Kanuni hiyo ikishushwa kutoka ngazi ya nchi hadi ya jimbo, historia ya miji ya Marekani ya Louisville, Columbus na Buffalo inaonyesha kitu kisichoonekana ndani ya kanuni yenyewe: nafasi ya kwanza huamuliwa pia na mkono unaochora mpaka.

Mji wa kwanza wa jimbo la Kentucky haukuwa Louisville tangu mwanzo. Mwaka 1810 Lexington, yenye chuo na matajiri wa mashamba, ilikuwa na watu 4,326 dhidi ya 1,357 wa Louisville. Lakini Lexington haikuwa na mto wa kupitisha vyombo, ilhali Louisville ilikaa penye maporomoko ya mto Ohio, ambako shehena zililazimika kushushwa na kubebwa nchi kavu. Meli za mvuke zilipoanza kupanda kutoka New Orleans katika miaka ya 1810, usumbufu huo uligeuka kuwa riziki ya wachukuzi, wenye maghala na madalali. Kufikia 1830, mwaka ambao mfereji wa kuyakwepa maporomoko ulifunguliwa, Louisville ilikuwa na watu 10,341 na Lexington 6,026. Makao makuu ya jimbo yalibaki Frankfort, mji mdogo kuliko yote miwili.

Ukuu huo ulidumu karibu miaka 170, kisha ukapotea kwenye karatasi. Lexington iliungana na kaunti yake mwaka 1974. Louisville ilibaki na mipaka ya zamani huku wakazi wake wakihamia vitongoji vya nje. Sensa ya 2000 iliipa Lexington watu 260,512 na Louisville 256,231. Wapiga kura wa Louisville na kaunti ya Jefferson walikuwa wamekataa muungano mwaka 1982 na tena 1983. Novemba 2000, kabla takwimu hizo hazijatangazwa, waliukubali. Ulipoanza Januari 2003, Louisville ilirudi juu bila familia moja kuhama nyumba. Sensa ya 2020 iliihesabia watu wapatao 633,000, karibu mara mbili ya Lexington, kana kwamba Mark Jefferson mwenyewe ndiye aliyepanga.

Columbus ilitumia njia hiyo polepole zaidi, na pengine kwa ujanja zaidi. Eneo lake lilichaguliwa mwaka 1812 ili Ohio ipate makao makuu katikati ya jimbo, na serikali ikahamia hapo 1816. Kwa zaidi ya karne moja ilikuwa mji wa maofisa na chuo, ikiiangalia Cincinnati ikitajirika kwa mto na Cleveland kwa ziwa na chuma. Mwaka 1950 Cleveland ilikuwa na watu 914,808 na Columbus 375,901. Meya Jack Sensenbrenner, aliyeingia madarakani 1954, aliweka sharti: anayetaka maji ya bomba na mabomba ya majitaka ya jiji akubali kwanza eneo lake liingizwe ndani ya jiji. Cleveland haikuweza kumuiga, kwa kuwa ilishazungukwa na miji midogo inayojitegemea. Sensa ya 1990 iliikuta Columbus na watu 632,910 na Cleveland 505,616. Hata hivyo, ukihesabu jiji pamoja na vitongoji vyake vyote, sensa ya 2020 bado iliiweka Cincinnati mbele, kwa watu milioni 2.26 dhidi ya milioni 2.14, ingawa sehemu ya watu hao wanaishi Kentucky na Indiana.

Buffalo ilipanda daraja kwa mpaka uliochorwa kwingine. Mfereji wa Erie ulipokamilika 1825, nafaka za magharibi zilianza kupakuliwa hapo, na mwaka 1900 Buffalo ilikuwa jiji la nane kwa ukubwa Marekani. Ndani ya jimbo lake, New York, ilikuwa ya tatu, nyuma ya miji ya New York na Brooklyn, hadi Brooklyn ilipomezwa na New York tarehe 1 Januari 1898. Njia ya meli ya St. Lawrence ilipofunguliwa 1959, nafaka ziliipita Buffalo, na viwanda vya chuma navyo vikadhoofika. Mwaka 2020 jiji la New York lilikuwa na watu zaidi ya mara 31 ya mji huo wa pili.

Kwa neno ukinara, wanasaikolojia humaanisha jambo jingine: uzito wa kinachotangulia kusikika au kuonekana. Solomon Asch alionyesha mwaka 1946 kwamba sifa zilezile za mtu zikisomwa kuanzia na nzuri humpa sura bora kuliko zikianza na mbaya. Ohio huzungusha majina ya wagombea kwenye karatasi za kura toka kituo hadi kituo, hivyo Joanne Miller na Jon Krosnick waliweza kupima athari hiyo katika kaunti za Columbus, Cleveland na Cincinnati. Matokeo yao ya 1998, kutokana na uchaguzi wa 1992, yalionyesha kwamba karibu katika nusu ya vinyang'anyiro 118 mpangilio wa majina uliathiri kura, na mara nyingi aliyetajwa kwanza ndiye aliyefaidika, kwa wastani wa asilimia 2.5.

Kwa wanahistoria wa sayansi, anayehesabiwa kinara ni aliyewahi. Buffalo hujivunia kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo cha Wilson Greatbatch, kilichopandikizwa kwa wagonjwa mwaka 1960. Stockholm ilikuwa imepandikiza chake Oktoba 1958, lakini kilifanya kazi kwa saa chache tu. Louisville ilipandikiza mkono Januari 1999. Lyon ilitangulia Septemba 1998, ila mkono ule ulikatwa tena 2001, na Louisville ikabaki na dai la mkono wa kwanza kudumu.