Mashimo ya Wasirikwa na plau ya Uasin Gishu

Shimo la Wasirikwa huonekana vizuri jua likiwa bado chini. Mchana ni bonde dogo tu ambalo mpita njia hulivuka bila kuligeukia, lakini kivuli cha asubuhi huchora ukingo wake: duara lenye upana wa mita 10 hadi 20 hivi, na upande wa mteremko pana pengo la mlango. Kando ya pengo hilo kuna tuta lililoota nyasi. Tuta hilo ni samadi na tope lililozolewa zizini msimu baada ya msimu.

Yalikuwa mazizi. Kuanzia karne ya 13 hivi hadi ya 18, wafugaji ambao simulizi za Wakalenjin huwaita Wasirikwa walichimba mashimo haya kote katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Ng'ombe walilala ndani, nyumba zikajengwa ubavuni, na milango yake ikatokea zizini. Mwizi wa mifugo alibaki na njia moja nyembamba, tena mbele ya macho ya wenyewe. Uwanda wa Uasin Gishu una mawe mengi, kwa hiyo huku kuta za mazizi zilijengwa kwa mawe.

Wataalamu hawakulielewa jambo hili mara moja. Mary Leakey, aliyefukua Hyrax Hill karibu na Nakuru mwaka 1937, aliyachukulia kuwa makao ya watu. John Sutton aliyazunguka maeneo haya miaka ya 1960, na kitabu chake cha 1973 kikaonyesha kwamba aliyelala shimoni ni ng'ombe.

Kufikia wakati huo plau ilikuwa imeshapita kwingi. Makaburu walioongozwa na Jansen van Rensburg walipanda huku na magari ya kukokotwa na maksai mwaka 1908. Mwaka 1910 posta ikafunguliwa kwenye shamba namba 64, namba ambayo wenyeji waliitamka Sisibo, na mwaka 1912 mji ukapewa jina la Eldoret. Reli ilipofika mwaka 1924, ngano ikapata njia ya kwenda sokoni.

Makaburi ya Kasubi yalipoungua Kampala tarehe 16 Machi 2010, na sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilipoporomoka Zanzibar siku ya Krismasi 2020, Afrika Mashariki nzima ilisikia. Shimo la Wasirikwa hufa kimyakimya. Plau hukwangua ukingo na kuumwaga ndani, mvua huteremsha udongo mwingine, na tabaka za samadi, mifupa na vigae huvurugika hata mtaalamu asijue lipi lilitangulia. Baada ya misimu kadhaa mahindi humea sawasawa, na mrithi wa shamba hajui kulikuwa na nini.

Sheria ipo. Ile ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inamtaka aliyegundua mabaki ya kale kuyaarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7. Ila mkulima anayehofia kunyang'anywa eka yake ana kila sababu ya kunyamaza, na hofu hiyo haiondolewi kwa vitisho vya faini.

Tangu Eldoret ilipotangazwa jiji mnamo Agosti 2024, mashamba yanayoizunguka yanatamaniwa kama viwanja, na msingi wa nyumba huchimbwa kwenda chini kuliko plau. Mwenye duara la namna hii shambani, iwe Moiben au Sergoit, trekta na ilizunguke, naye awaarifu watu wa makumbusho kabla ya kupanda.