Sisi watu wa Kasongo tumesoma nini?



Mwaka wangu wa kwanza inivasite niliandika kazi ya historia. Ndani yake niliweka sentensi moja ambayo niliiona nzuri kabisa: kwamba watu wa Kasongo walianza kujua kusoma na kuandika mapadri walipofika mwaka 1903. Hakuna aliyenisahihisha. Nilipata pointi zangu, maisha yakaendelea.

Likizo nikarudi nyumbani. Babu yangu alipenda kusomewa, basi nikamsomea ile kazi, nikimgeuzia Kifaransa kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye ile sentensi akanisimamisha. Akaingia chumbani, akatoka na sanduku la bati. Ndani mlikuwa na karatasi zilizokunjwa, nyingine zimeliwa na mchwa, zote zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu.

"Hizi ni za babu yangu," akasema. "Aliandika kabla padri yeyote hajatia mguu hapa. Macho yangu hayaoni tena. Wewe si ndiye msomi? Nisomee."

Sikuweza hata herufi moja. Baba yangu naye hakuweza, maana alipita misioni. Tukabaki tunatazamana, watu watatu wa nyumba moja, na karatasi za kwetu zimefunguka mbele yetu bila msomaji.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: haya tunayoyaamini juu ya Kasongo na Kabambare tuliyatoa wapi? Jibu nililolipata ni fupi. Tunajua kile ambacho masomo yetu yalituwezesha kusoma. Kile ambacho hatukuweza kusoma tulikihesabu kama hakipo. Niruhusuni niwaoneshe kwa historia yenyewe.

Msomaji wa Kabambare

Tuanze Kabambare. Kuanzia Julai 1870 mpaka Februari 1871 David Livingstone alikwama pale, mahali alipopaita Bambarre. Miguu ilikuwa na vidonda, kutembea hawezi. Miezi yote ile alifanya nini? Alisoma. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alipokuwa Manyema alimaliza Biblia nzima mara nne. Na mmoja wa waliomsaidia na kumtunza katika safari zile alikuwa Muhammad Bogharib, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Yaani mtu aliyekuja kupinga biashara ile alikuwa anaishi kwa wema wa wafanyabiashara wake.

Karatasi zikamwishia. Akawa anaandika kwenye vipande vya aina yoyote. Alipofika Nyangwe, kaskazini ya Kasongo pembeni ya Lualaba, aliandika juu ya kurasa za gazeti la London, The Standard, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino aliojitengenezea kutokana na mmea. Hapo ndipo tarehe 15 Julai 1871 aliposhuhudia watu wa wafanyabiashara wakipiga bunduki katikati ya soko. Wengi waliokufa walikuwa wanawake waliokuja kuuza na kununua. Wengine walikimbilia mtoni wakazama. Makadirio aliyoyaandika yalipita watu 300.

Habari hiyo ilipofika Uingereza na kusomwa, hasira zilipanda. Ilisaidia kumbana Sultan Barghash, na mwezi wa Juni 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba kusoma ni starehe ya wavivu. Kurasa chache kutoka Maniema zilichangia kugeuza sheria ya pwani.

Lakini ngoja. Wasomaji wa London walisoma nini hasa? Kitabu kilichotoka mwaka 1874, Livingstone akiwa amekwisha kufa, kilihaririwa na rafiki yake Horace Waller. Zile kurasa za gazeti zenyewe zilikuwa zimefifia, hazisomeki. Mpaka mwaka 2011 ndipo kundi la wataalamu lililoongozwa na Adrian Wisnicki lilipozipiga picha kwa mianga ya namna nyingi na kuyafufua maandishi. Walipolinganisha, waliona kwamba aliyoyaandika Livingstone siku zile kuhusu watu wa msafara wake mwenyewe hayakufanana kikamilifu na yale yaliyochapwa. Karibu miaka 140 dunia iliamini kitabu kilichosafishwa, kwa sababu ndicho kilichosomeka.

Na sisi tulikuwa wapi katika kusoma huko? Wanawake wa Nyangwe walikufa, wakaandikwa, wakasomwa London. Wajukuu wao walikuja kuipata habari hiyo katika kalasi, kwa Kifaransa, kama sura moja ya maisha ya Livingstone.

Kasongo ilikuwa na wino

Sasa tuje Kasongo. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, tunayemwita Tippu Tip, aliweka makao hapa karibu na mwaka 1875. Alipoondoka mwaka 1890 kurudi Unguja, mwanawe Sefu ndiye aliyebaki na nguvu. Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Dhanis, la Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II, likauteka mji.

Katika jeshi lile alikuwemo daktari Mwingereza, Sidney Hinde. Mwaka 1897 alitoa kitabu juu ya anguko la Waarabu wa Kongo. Anaeleza wenyewe walivyoshangaa: vitanda vizuri, mishumaa, sukari, ghala za chakula, mashamba ya mpunga na kahawa, matunda. Katika vitu vilivyookotwa mjini zilikuwemo hata shajara za Emin Pasha, aliyeuawa mwaka 1892. Kwa hiyo mji ambao mimi niliandika kwamba haujui kusoma ulikuwa na maandishi ndani yake, yaliyokuja kutoka mbali na yaliyoandikwa papo hapo.

Kizazi cha wazazi wetu, na sisi baada yao, tulifundishwa vita ile kama vita ya kukomesha utumwa, basi. Ni kweli utumwa ulikuwepo na ulikuwa mbaya sana. Lakini kalasini sikusikia kwamba mwaka 1891 Leopold alitoa amri ya kujichukulia pembe na mpira kwa ajili ya Leta yake, na kwamba pembe hizo ndizo Wangwana walizokuwa wakizipeleka pwani. Huko Brussels, katika bustani ya Cinquantenaire, kuna mnara wa mwaka 1921 unaowasifu Wabelgiji walioushinda utumwa wa Waarabu. Neno "Mwarabu" katika maandishi yake limekwanguliwa baada ya malalamiko. Hata jiwe linagombaniwa juu ya nini kisomwe.

Wakati huohuo, Tippu Tip naye aliandika. Akiwa mzee Unguja, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliigeuza kwa herufi za Kilatini na kuitafsiri, ikachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Kiingereza kikafuata mwishoni mwa miaka ya 1950, na Kifaransa cha padri François Bontinck mwaka 1974. Mnaona safari hiyo? Kitabu kinachoitaja Kasongo, kwa lugha tunayonunulia mihogo sokoni, kiliwafikia Wajerumani kwanza. Mimi nilipata diploma ya Leta bila kujua kwamba kipo.

Si kitabu hicho peke yake. Profesa Xavier Luffin wa Brussels alitoa mwaka 2020 mkusanyo wa hati za Kiarabu na Kiswahili za miaka ya 1880 mpaka 1899 zilizohifadhiwa Ubelgiji: maandishi ya watu wa Kongo ya zamani zile. Zilikaa kwenye kabati zaidi ya miaka mia, kwa sababu waliokuwa wakiandika historia yetu walikuwa hawazisomi.

Mji mmoja, herufi mbili

Mwaka 1903 Mapadri Weupe wakafungua misioni Kasongo. Mwanzilishi wa shirika lao, Kardinali Lavigerie, ndiye aliyezunguka Ulaya mwaka 1888 akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa ya Waarabu. Kwa hiyo shule ilifika pamoja na hadithi yake. Sisemi walikuja kudanganya. Walifundisha walichokuwa wamekisoma.

Wazazi Waislamu wengi wakaogopa watoto wasibatizwe. Wakawabakiza madarasa, na serikali ya kikoloni, iliyouona Uislamu kwa wasiwasi, iliacha elimu karibu yote mikononi mwa misioni. Shule za serikali zisizo za dini hazikufunguliwa kwa Waafrika mpaka 1954. Jumuiya ya Kiislamu ya nchi, COMICO, ilianzishwa mwaka 1972, na shule za Kiislamu zenye mkataba na Leta zikaja baadaye.

Matokeo yake ni mji wenye wasomaji wa aina mbili. Mmoja anasoma kutoka kushoto, anapata kazi ya ofisi, na anaamini Kasongo ilianzia misioni. Mwingine anasoma kutoka kulia tangu ana miaka saba, lakini ofisini wanaandika "hajui kusoma", na yeye anaamini enzi ya Wangwana ilikuwa enzi ya heshima tupu. Kila mmoja ana ushahidi wake, na hawezi kusoma wa mwenzake.

Tena tuseme kweli: wote wawili walifundishwa kukariri. Huyu katekisimu, yule juzuu. Na sisi wa inivasite? Silabusi ya profesa, kurasa 80, mtihani, kisha kuisahau. Namna yetu ya kusoma haitofautiani sana na yao.

Kitabu cha kwetu nacho kisomwe kwa macho mawili

Wenzangu, nilipokipata kitabu cha Tippu Tip nilifurahi mno. Nikadhani sasa nimepata ukweli. Lakini kadiri nilivyosoma nikaona kitu. Pembe anazihesabu kwa frasila, hazimpotei. Watu waliozibeba hawana majina.

Na anasimulia mwenyewe, bila aibu, jinsi alivyoupata utawala katika nchi ya mzee mmoja aliyeitwa Kasongo Rushie, ambayo si mji wetu huu. Alikuwa amesikia habari za wanawake wa ukoo ule waliotekwa zamani. Akayashika majina, akajitokeza kama mjukuu wao, na mzee akampa nchi. Alijua kabisa kwamba mtu huamini hadithi inayofanana na anayoitamani. Basi msomaji wake asije akawa Kasongo Rushie wa pili.

Hinde anasifu washindi wake. Tippu Tip anajisifu mwenyewe. Ukimsoma mmoja unapata upande. Ukiwasoma wote wawili bega kwa bega unaanza kuona ni nani ambaye wote wawili wamemruka.

Tuliporudi kwenye sanduku

Miaka miwili baadaye nilimpata mwalimu wa madarasa aliyekubali kuzisoma karatasi za babu. Alikaa nasi uani jioni tatu. Nyingi zilikuwa madeni: fulani ana doti nne za merikani, fulani amerudisha jembe. Nyingine zilikuwa dua. Karatasi moja, ndogo kuliko zote, ilisema kwamba mwenye kuandika amemnunua mwanamke kwa doti kumi na mbili, kisha amemwacha huru na kumuoa. Na jina la mwanamke lilikuwepo.

Lilikuwa jina la bibi yake babu.

Nyumba yetu, kwa wasioijua, ilijisifu siku zote kwamba sisi ni waungwana wa asili. Kwa neno hilo tulikataa posa, tukawadharau majirani kwamba ni wajukuu wa watumwa. Baba mdogo akasema karatasi ichomwe usiku uleule. Wakabishana mpaka mwalimu akaomba ruhusa ya kuondoka. Babu alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniambia: "Inakili kwa herufi zako. Jina lake usilikosee."

Nikainakili. Baba mdogo hakuzungumza nami karibu mwaka mzima. Babu ametutoka sasa, Mungu amrehemu.

Nawaandikia haya kwa sababu najua sanduku letu si la peke yake. Yapo Kasongo, yapo Kabambare, na mchwa hasubiri tumalize memwari zetu. Piga picha karatasi za kwenu wiki hii, telefone unayo. Herufi za Kiarabu si mlima: kijana aliyeshika trigonometria atazijua kwa likizo moja. Na yule wa madarasa asiogope Kifaransa cha Bontinck. Mkae wawili wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, msomeane. Hata ile sauti ya dakika mbili inayozunguka kwenye simu, ikikuambia kabila fulani ni wageni na fulani ndio wenye ardhi, iulize kwanza: umesoma wapi?

Ile sentensi yangu ya mwaka wa kwanza nimeifuta. Badala yake nimeandika kwamba mwaka 1903 Kasongo ilipata herufi za pili. Za kwanza zilikuwepo, na moja ya karatasi zake ina jina la bibi yetu.