Kishazi Tegemezi Darasani Maseno: Sura Moja ya Historia ya Ufundishaji wa Kiingereza

Historia ya ufundishaji wa Kiingereza nchini Kenya imezoea kuandikwa kwa kufuata ripoti za tume na matamko ya sera. Ni mara chache imeandikwa kwa kuifuata sentensi yenyewe, yaani kwa kuuliza ni sehemu gani ya lugha hiyo iliyomshinda mwanafunzi, kwa sababu gani, na mwalimu alifanya nini juu yake. Sehemu mojawapo iliyowasumbua wanafunzi kizazi baada ya kizazi ni sentensi changamano, hasa ile iliyobeba kishazi tegemezi cha kielezi: cha wakati, cha sharti, cha sababu, cha kusudi au cha ukinzani. Maseno, kaskazini-magharibi ya Kisumu na karibu kabisa na mstari wa ikweta, ni mahali pafaapo kwa uchunguzi wa aina hii. Pana shule kongwe, na pana mpaka wa lugha: upande mmoja Wajaluo, upande wa pili Wanyole walio sehemu ya Waluhya, na juu yao Kiswahili na Kiingereza.

Shule ya Maseno ilianzishwa mwaka 1906 na J. J. Willis wa misheni ya CMS, ambaye mwaka 1912 alifanywa Askofu wa Uganda. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wana wa machifu. Mwaka 1908 wanafunzi waligoma; walikataa kutumikishwa kazi za mikono na kudai wafundishwe yale yaliyowaleta shuleni. Mgomo huo hutajwa zaidi katika historia ya siasa, lakini una maana pia kwa historia ya lugha. Unaonyesha kwamba haja ya elimu ya kitabu haikupandikizwa na misheni peke yake. Wanafunzi wenyewe waliidai, na katika miaka iliyofuata dai hilo lilizidi kuelekea kwenye Kiingereza, lugha ya ofisi, ya mahakama na ya barua kwa Bwana Shauri. Barua ya malalamiko haiandikwi kwa sentensi sahili. Mwenye kulalamika hana budi kusema "kwa kuwa", "ingawa", "isipokuwa" na "ili". Vijana waliosoma Maseno walikuwa mstari wa mbele katika chama cha Young Kavirondo Association kilichozaliwa mwaka 1921, na kazi kubwa ya chama kama hicho ilikuwa kuandika madai.

Mbinu ya kufundisha sentensi hizo katika shule za makoloni ilirithiwa kutoka shule za Uingereza, mara nyingi kwa kupitia India. Vitabu vya sarufi vya J. C. Nesfield, vilivyotungwa kwa ajili ya shule za India, ni mfano mzuri wa mbinu hiyo. Mwanafunzi hupewa sentensi ndefu, huikata vipande, hukipa kila kishazi jina lake, na huonyesha kinategemea neno gani. Zoezi hilo lina faida yake, na si haki kulidharau kama lilivyodharauliwa baadaye. Humfundisha mtu kuona mifupa ya sentensi ya mwingine. Lakini kutaja jina la kishazi ni jambo moja, kukitunga ni jambo jingine. Mwanafunzi aliweza kuvitambua vishazi vyote vya ukinzani katika ukurasa mzima, na bado akakosea alipotaka kukinzana na mtu mwenyewe.

Mageuzi yalikuja katika miaka ya mwisho ya 1950. Mpango uliojulikana kama New Primary Approach, ulioanzia katika shule za watoto wa Kihindi mjini Nairobi, ulifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Tume ya Elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde mwaka 1964 iliunga mkono mwelekeo huo. Uchanganuzi uliwekwa kando na mahali pake pakachukuliwa na ruwaza: mwalimu hutamka sentensi, darasa huirudia, neno moja hubadilishwa, darasa huirudia tena. Mbinu hizi mbili zilionekana kuwa maadui, ila kwa jambo moja zilikubaliana kabisa. Hakuna hata moja iliyouliza mtoto amekuja darasani na sentensi changamano za namna gani kutoka nyumbani.

Naye alikuja nazo nyingi. Dhana kwamba lugha za Kiafrika ni lugha za sentensi fupi fupi haikuwa na msingi, na ushahidi ulikuwa mikononi mwa wamisionari wenyewe: Agano Jipya la Dholuo lilichapishwa mwaka 1926, na nyaraka za Paulo, ambazo sentensi zake ni mtihani hata kwa Wayunani, zilipata mahali pa kukaa katika lugha hiyo. Kwa hiyo makosa ya wanafunzi hayawezi kuelezwa kwa ukosefu wa vishazi tegemezi. Yanaelezwa na namna vishazi hivyo vinavyojengwa.

Katika Dholuo neno "ka" hubeba sharti na wakati pamoja. "Ka obiro" yaweza kuwa "kama akija" au "wakati ajapo", na muktadha ndio uamuao. Kiswahili kina tabia iyo hiyo kwa kiambishi -ki-: "akija tutaondoka" haimlazimishi msemaji aseme kama ana hakika ya kuja huko. Kiingereza humlazimisha. Lazima achague "if" au "when", na kwa kuchagua atangaze kiasi cha hakika yake. Mwanafunzi aliyeandika "if the sun sets" hakushuku kutua kwa jua. Alitafsiri neno lake moja kwa neno moja, na mwalimu akatia wino mwekundu bila ya kueleza kwamba swali lenyewe ni geni.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Mjaluo husema "kapok obiro", na Mswahili husema "kabla hajaja". Katika lugha zote mbili tendo lililo mbele ya wakati unaozungumzwa hukanushwa, kwa sababu kwa wakati huo bado halijatendeka. Hapa "pok" na -ja- ni ndugu wa maana ingawa si ndugu wa ukoo. Kiingereza hakikanushi, husema tu "before he comes". Sentensi "before he had not come", ambayo kwa mwalimu Mwingereza huonekana kama mkorogo wa mawazo, ni mantiki kamili iliyovaa nguo ya wengine. Yafaa kukumbuka kwamba Jaramogi Oginga Odinga, aliyesoma na baadaye kufundisha Maseno, alikiita kitabu chake cha mwaka 1967 Not Yet Uhuru. Maneno mawili ya Kiingereza yanafanya humo kazi ambayo "pok" huifanya peke yake, na ambayo Kiswahili huiweka ndani ya kitenzi.

Ndivyo ilivyo kwa ukinzani na kwa sharti lisilowezekana. "Kata obedo ni ne otuo, to ne obiro" ina "to" katika kishazi kikuu, kama vile wasemaji wengi wa Kiswahili wasemavyo "ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja". Kutoka hapo huzaliwa "although" ifuatwayo na "but", kosa mashuhuri katika madaftari ya Afrika Mashariki. Tena "ka dine obiro, dine wadhi" hurudia alama ile ile pande zote mbili, sawa na -ngali- katika "angalikuja, tungalikwenda". Mwanafunzi anayeandika "would have" mara mbili analinda ulinganifu ambao Kiingereza sanifu kimeukataa.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Dholuo, lugha ya Kiniloti, na Kiswahili, lugha ya Kibantu, zinakubaliana katika mambo yote manne na kutofautiana na Kiingereza. Mwalimu wa Maseno hakuhitaji kuwa mwanaisimu ili autumie ukweli huo. Alihitaji ubao uliogawanywa sehemu tatu, na ruhusa ya kuandika Dholuo katika sehemu ya kwanza. Ruhusa ndiyo iliyokosekana. Katika shule nyingi nchini mtoto aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, na sarufi linganishi haiwezi kuota mahali ambapo nusu ya ulinganisho ni hatia.

Mtihani nao ulikuwa na lake. Katika CPE, iliyodumu toka 1966 hadi 1984 na kuamua nani ataingia sekondari, Kiingereza kilipimwa kwa maswali ya kuchagua jibu. Mtoto alichagua kiunganishi kimoja kati ya vinne. Hakudaiwa kuunda sentensi. Mwalimu mwenye busara alifundisha kinachoulizwa. Ripoti ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya mwanzo, lakini pendekezo hilo halikugusa madarasa ya juu ambako sentensi changamano hufundishwa hasa. KCPE, iliyoanza 1985, ilirudisha utungaji, na pamoja nayo Kiswahili kikawa somo la lazima lenye kutahiniwa.

Hapo ndipo palipojitokeza hali isiyokuwako zamani. Mtoto yule yule, siku ile ile, aliandika "kabla hajafika" katika kipindi cha Kiswahili akapewa alama ya vema, kisha akaandika tafsiri yake sisisi katika kipindi cha Kiingereza akapewa alama ya kosa. Masomo hayo mawili yalikuwa na vitabu viwili na mihtasari miwili, na hakuna mahali palipoamuriwa kwamba walimu wake wakutane. Mwaka 1990 Chuo cha Ualimu cha Siriba, kilichokuwa hapo Maseno, kiliunganishwa na taasisi ya mafunzo ya serikali kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, nacho kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2001. Tangu hapo mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Kiingereza wameweza kusomea kazi yao katika uwanja mmoja, mwendo mfupi kutoka darasa ambalo wana wa machifu waligoma.